Mwamba wa pweza umefungwa, "wataalamu wamesema", na kila upande una hesabu yake

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Mie naandika kutoka Pemba. Kijijini kwetu kamati ya wavuvi ilifunga mwamba wa pweza miezi mitatu, yaani mtu asivue hapo, siku ya kufungua walitoka pweza wengi na wakubwa, wageni wakaja na kamera. Mwezi mmoja baadae mama yangu anarudi pwani na pweza mmoja, siku nyengine mikono mitupu. Sasa wanataka kufunga tena. Viongozi wanasema wataalamu washathibitisha kuwa pweza wanaongezeka zaidi ya mara saba, na anaepinga wanamwambia ni chama chake kinamtuma. Wa upande wa pili nao wanasema hesabu zote za kamati ni uongo maana kamati yote ni watu wa chama kimoja. Kitaalamu, nani mkweli?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na mama msalimie sana.

Hapo kuna maswali mawili na ugomvi wote wa kijijini kwenu unatokana na kuyachanganya. La kwanza la kitaalamu, jee ukifunga mwamba pweza wanaongezeka? La pili si la kitaalamu hata kidogo, ni nani akae bila kitoweo miezi mitatu ili faida ipatikane na iende kwa nani. La kwanza ntakujibu, la pili mtaalamu yoyote akisimama mkutanoni akasema analo jibu lake, mwambie akae.

Haya tuanze na pweza mwenyewe. Huyu wetu wa mwambani anaishi mwaka mmoja na kitu tu, na anakua haraka kupita kiasi, akiwa mdogo uzito wake unakaribia kuzidi maradufu kwa mwezi. Jike anataga mara moja tu katika maisha yake, anakaa shimoni anayalinda mayai hali kitu, yakishaanguliwa anakufa. Kwaiyo ukimuacha pweza wa nusu kilo kwa miezi miwili mitatu unamkuta ni mnyama mwengine kabisa, hilo halina ubishi. Wanaoahidi kwamba mukifunga na watoto watajaa mwamba huohuo, hapo wanaongeza chumvi, kwa sababu watoto wa pweza wakitoka kwenye yai wanaelea na mkondo wa maji wiki kadhaa kabla hawajakaa chini na wanaweza kwenda kukaa kwenye mwamba wa watu wengine kabisa. Faida ya uhakika ya kufunga muda mfupi ni uzito.

Sasa hiyo "zaidi ya mara saba". Ni hesabu ya kweli, lakini si ya kwenu. Inatoka Madagascar, kusini magharibi, kule wanakijiji wa Andavadoaka walianza kufunga mwaka 2004 na baadae vijiji vya jirani vikafuata. Mwaka 2015 ukatoka utafiti uliochambua mafungo 36 kwa muda wa miaka 8. Walikuta jumla ya pweza waliotolewa siku 30 baada ya kufungua imepanda zaidi ya asilimia 700 ukilinganisha na siku 30 kabla ya kufunga. Ndo hiyo mara saba yenu. Lakini utafiti huohuo una hesabu nyengine: kilo alizopata mvuvi mmoja kwa siku zilipanda asilimia 87 tu, yaani hata maradufu haikufika. Kwa nini zipishane hivyo? Kwa sababu mwamba ukifunguliwa kila mtu anakuja, asiyekuwa akivua anavua, wa kijiji cha pili anakuja, jumla inakuwa kubwa lakini vikapu navyo vimekuwa vingi.

Zote mbili ni hesabu sahihi za watu walewale. Anaetaka kufunga anaisoma moja, na ile inayomhusu mama yako hasomewi mtu. Mie hapa ndo naona sayansi inaharibiwa, na huhitaji kusema uongo wowote kuiharibu. Na kule Madagascar walifunga kama sehemu ya tano tu ya eneo la kuvulia, kwengine kote watu wakiendelea kutafuta riziki. Kwenu wamefunga kiasi gani? Kama mwamba uliofungwa ndio huo wa karibu wanaofika kina mama kwa miguu bamvua likitoka (siku maji yanapojaa na kutoka sana), na vijana wanaozamia kwa miwani bado wana miamba ya mbali, basi mzigo wamebebeshwa upande mmoja na hakuna mtaalamu aliyelipendekeza hilo, limeamuliwa na watu kikaoni na watu hao walitetee kwa jina lao.

Kwaiyo siku ya kufungua haithibitishi kitu. Mumeacha kuvua miezi mitatu, pweza wale ni akiba yenu wenyewe mumeikuta pamoja siku moja, lazima wawe wengi. Swali ni ukijumlisha vyote, miezi ya kukaa bure pamoja na miezi miwili baada ya kufungua, jee mtu mmoja kapata zaidi ya ambavyo angepata bila kufunga? Kulijua hilo unahitaji kilo, idadi ya waliovua siku hiyo, na mwamba mwengine ambao haukufungwa ili ulinganishe, maana pweza wa kusi na pweza wa kaskazi hawalingani hata kama hakuna aliyefunga kitu. Na linganisha bamvua kwa bamvua, ukipima bamvua moja na maji mafu, yale yanayojaa na kutoka kidogo, unajidanganya.

Nimeshika daftari la kamati moja, sitoitaja. Siku ya kufungua imeandikwa kurasa mbili nzima kwa mwandiko mzuri, kilo na gramu, mpaka jina la mnunuzi. Wiki zilizofuata tupu. Safu ya idadi ya wavuvi tupu toka mwanzo hadi mwisho. Na kilo zenyewe nyengine pweza kapimwa na matumbo yake, nyengine kashasafishwa, zimejumlishwa pamoja. Daftari lile si uongo, kila kilichoandikwa humo kilipimwa kweli, ila halijibu swali mtu alilouliza.

Wa upande wa pili nao niwaambie, kwa sababu hawa wananiumiza zaidi. Sisi Wapemba tunajua tulikotoka, baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana mpaka maziko na maduka, kwaiyo mtu kuangalia daftari kashika nani kabla ya kuangalia kimeandikwa nini si jambo la kushangaza. Lakini mukizikataa kilo kwa sababu ya kadi ya chama ya aliyezipima munabaki na nini cha kumjibia huyo wa mara saba? Mzani mumuweke mtu wa kila upande, na mmoja wao awe mwanamke anaechokoa pweza mwenyewe, asiyetiwa maneno mdomoni.

Kanada walijifunza kwa bei kubwa hasara ya kutosikiliza wanachokiona wavuvi wadogo. Samaki wao aitwae cod wa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, walikuwa wakikadiria wingi wake kwa kutegemea sana meli kubwa zinavua kiasi gani, na meli ziliendelea kujaza kwa sababu zilikuwa na mitambo ya kumfuata samaki popote alipojikusanya, ilhali wavuvi wadogo wa pwani walishaanza kulalamika tokea miaka ya themanini kuwa samaki hawafiki tena. Hawakusikilizwa. Na hata wanasayansi walipokuja kutoa tahadhari, wanasiasa waliweka viwango vya juu kuliko ushauri wakihofia ajira. Mwaka 1992 ikabidi wafunge, watu kama 30,000 wakakosa kazi. Anachokuona mama yako pwani, pweza mmoja au mikono mitupu mwezi baada ya kufungua, ni data, kiandikwe na tarehe na bamvua lake.

Mkutano ujao kabla hamujakubali wala kukataa, ulizeni mwamba utakaofungwa ni sehemu gani ya eneo lote na wanaovua hapo ni kina nani. Wawasomeeni kilo kwa mtu kwa siku, musikubali jumla peke yake. Kubalianeni kabisa wavuvi wageni wataingia siku ya kufungua au wataingia siku ya tatu, na pesa za ada zao zinakwenda wapi. Baada ya hapo mukipiga kura kufunga au kutofunga, vyovyote itakavyotoka ni uamuzi wenu, na Sheha aandike kwenye muhtasari kwamba wameamua wanakijiji, asiandike wameamua wataalamu. Hilo daftari nalo likianza kujazwa toka sasa, kabla ya kufunga, nitumie picha za kurasa zake nami ntakufanyia hesabu.