Maboya kwanza, fulana baadaye: majibu kwa wapiga makasia wa vyuo

Maswali mengi safari hii yametoka vyuo vya Mwanza, kando ya Ziwa Victoria: Malimbe, Nyegezi na Bugando, ambako vijana wanataka kushindana mitumbwi miwili miwili, ubavu kwa ubavu. Wale mnaouliza bei ya mtumbwi bila kutaja urefu, idadi ya watu wala aina ya mbao, nendeni kwa fundi mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, mkiwa na vipimo mkononi. Hapa hamtajibiwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kamati ya michezo. Tunaandaa mbio za mita 1,000 kwenye ghuba ya Nyegezi. Tumeshapata fulana, spika na mshereheshaji. Kuna kingine kinachohitajika? (Kamati, Malimbe)

JIBU: Marahaba. Kinahitajika kila kitu. Mlicho nacho ni sherehe, mashindano bado.

Anzeni na njia. Msikadirie kwa macho, maana juu ya maji mita 700 na mita 1,000 zinafanana. Chukueni boti ya injini, simu yenye GPS, na shabaha mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mfano mnara na jiwe kubwa nyuma yake. Nendeni mkizifuata hizo shabaha, mkidondosha boya kila mita 250. Inatakiwa mistari mitatu ya maboya: kushoto, katikati na kulia. Boti nyembamba za kimataifa hupewa njia ya upana wa mita 13.5 kila moja. Mtumbwi wetu unaoongozwa kwa kafi, kasia fupi la kushika mkononi, upewe mita 20.

Boya ni galoni tupu ya lita 20, kifuniko kikazwe, lipakwe rangi kali. Nanga ni kiroba cha mchanga cha kilo 40 au 50. Jiwe la mviringo linabingirika, kiroba kinalala. Kosa la kila mwaka liko kwenye urefu wa kamba. Penye kina cha mita 5, kamba ya mita 7 inatosha. Mkifunga mita 15 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, boya linaweza kutangatanga mita 14 kutoka lilipotiwa nanga, na hapo limeshameza njia ya mtu. Tena kamba ya plastiki huelea, kwa hiyo ning'inizeni kijiwe mita moja chini ya boya ili kamba izame, isije ikajiviringisha kwenye pangaboi ya boti ya mwamuzi.

Kuanzia, tieni nanga boti mbili nyuma ya mstari. Ndani ya kila moja alale mtu kifudifudi, ashike tezi, yaani nyuma, ya mtumbwi wa mashindano mpaka bendera ishuke. Bila hivyo kila mtumbwi unasogea "kidogo tu", na filimbi inapolia mmoja umeshatangulia nusu urefu. Mshika saa aliye kwenye mstari wa kumalizia aanze kuhesabu akiona bendera ikishuka. Akisubiri sauti ya filimbi kutoka mita 1,000, itamfikia baada ya sekunde tatu hivi, na ndiyo maana kuna rekodi za ajabu kwenye mwambao huu.

Kumalizia, simikeni nguzo mbili nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, umbali wa mita 20. Mwamuzi akae nyuma ya nguzo ya pili, simu iwe kwenye stendi ikirekodi. Ncha ya omo, yaani mbele ya mtumbwi, ikikata mstari, basi, hata kama mtumbwi wote bado uko nyuma. Mwamuzi mwingine afuate mbio kwa boti ya injini, nyuma na katikati, asitangulie kamwe, maana mawimbi ya injini yake yataamua mshindi. Boti ya uokoaji iwe nyingine kabisa, isibebe mpiga picha wala mgeni rasmi.

Watu wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo huo, waambieni mapema. Jioni ng'oeni maboya yote, wavuvi wa dagaa wanapita hapo usiku.

Hesabuni gharama za hayo yote, mlinganishe na bei ya fulana.

SWALI: Jaketi okozi ni lazima? Linabana mabega. (Wengi)

JIBU: Ndiyo.

SWALI: Lakini kwenye televisheni wale wa Ulaya hawavai. (Wengi hao hao)

JIBU: Wale wanafuatwa na boti za uokoaji mwanzo hadi mwisho, na wamepimwa kuogelea kabla hawajagusa kasia. Ninyi mnashindwa hata kukodi boti moja. Tafuteni jaketi fupi lisilo na kola, lenye nafasi kubwa kwapani. Hilo halibani. Linalobana ni lile nene la abiria wa kivuko, nalo mara nyingi limevaliwa bila kufungwa mikanda, kwa hiyo mtu akitumbukia linamvuka kichwani.

SWALI: Uongozi unataka mbio zianze saa nane mchana ili wageni waalikwa wawahi. Sisi tunapendelea asubuhi. Utusaidie hoja. (Katibu, Nyegezi)

JIBU: Usiku nchi kavu hupoa na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda mambo yanageuka: kuanzia kama saa tano upepo unatoka ziwani, na kufika saa nane ghuba imejaa vijiwimbi vya kutosha kuingiza maji juu ya ubavu wa mtumbwi uliobeba watu kumi. Mbio ziwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi aje hiyo saa moja, au akute vikombe vikisubiri kugawiwa.

Lakini asubuhi nayo isikulevye. Ziwa Victoria lina tabia ya kupika radi zake usiku na kuzimalizia alfajiri, hasa majira ya masika na vuli. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa jana yake jioni, na ukiamka tazama mawingu ya upande wa ziwa. Ukisikia ngurumo, hakuna kushusha mtumbwi. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena anza kuhesabu upya. Katikati ya maji kitu kirefu kuliko vyote ni kichwa chako.

SWALI: Nimeona Oxford na Cambridge wakirusha sarafu kabla ya mbio. Ni mila tu? (Mwanafunzi, Bugando)

JIBU: Mila ipo, ila sarafu ile ina kazi. Walishindana mara ya kwanza mwaka 1829 huko Henley. Siku hizi wanatoka Putney hadi Mortlake, karibu kilomita 6.8 za mto Thames jijini London. Mto huo una kona. Ya kwanza na ya mwisho zinampendelea aliye upande wa Middlesex (ukingo wa kaskazini), na ile ndefu ya katikati inampendelea wa Surrey (ukingo wa kusini). Anayeshinda sarafu anachagua upande. Juu ya hayo wanakwenda na maji ya bahari yanayojaa, na mkondo wenye kasi uko katikati, kwa hiyo kila mmoja anataka kukaa pale pale.

Ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa maana hiyo, ila lina upepo na miamba. Njia iliyo karibu na mawe makubwa inakingwa, ya nje inapigwa. Kwa hiyo kura ipigwe hadharani, manahodha wote wakiwepo, na mkishindana raundi mbili badilishaneni njia. Kamati inayojigawia njia ya ndani "kwa kuwa sisi ndio wenyeji" inaiba mchana kweupe.

SWALI: Wapinzani walitugonga makafi mita 300 kabla ya kumaliza, la kwetu moja likavunjika. Mwamuzi akasema mbio ziendelee. Tukate rufaa? (Nahodha aliyeonewa)

JIBU: Hujaandika mlikuwa kwenye njia ya nani, na hilo ndilo swali pekee lenye maana. Aliyetoka kwenye njia yake ndiye mwenye kosa, hata kama kafi lililovunjika ni lake. Mwaka 2012 Oxford na Cambridge waligongana makasia baada ya mbio kusimamishwa na kuanzishwa upya kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiogelea mbele yao. Kasia la Oxford likakatika. Mwamuzi hakusimamisha, kwa kuwa aliona Oxford ndio walioingia kwa wenzao, na rufaa yao ikakataliwa. Walimaliza wakiwa saba wanaovuta badala ya wanane.

Kule mwamuzi hunyanyua bendera nyeupe na kulitaja jina la timu inayopotea njia, mara nyingi kabla hawajagusana. Kwenu mwamuzi alikuwa nchi kavu na kipaza sauti. Kama njia haikuwa na maboya, rufaa mtaisimamisha juu ya nini?

SWALI: Timu yetu yote inanyanyua chuma. Tunashindwa na watoto wembamba wa mwaloni. Tuongeze mazoezi gani? (Kepteni)

JIBU: Punguzeni chuma. Hao watoto hawawazidi nguvu, wanawazidi kuingiza kafi majini kwa pamoja. Kafi lililobaki majini wakati mengine tisa yametoka ni breki.

Kwenye mtumbwi wa makafi mnatazama mbele wote, kwa hiyo wanaotoa mdundo ni wawili wa mbele. Wakalisheni wenye mapigo yasiyobadilika, hata wakiwa wadogo. Wazito wakae katikati. Wakikaa nyuma, omo inanyanyuka na tezi inaburuta maji. Kila mtu amtazame aliye mbele yake upande uleule, asitazame kafi lake.

Pigo lenyewe: kafi lizame lote kabla hujavuta, mkono wa juu usukume, kiwiliwili ndicho kizunguke. Litoe likifika kwenye nyonga. Ukilivuta kupita hapo unanyanyua maji na kuuzamisha mtumbwi wako mwenyewe. Mnaotoka gym ndipo mnapokosea wote, kwa kuwa mnavuta kwa mikono mpaka mwisho na mita 400 zikifika mikono imekufa.

Zoezi: wawili wa mbele wapige mapigo 20 peke yao, waongezeke wawili, mapigo 20 tena, mpaka wote kumi. Mdundo ukiharibika mnajua umeharibikia jozi gani. Siku ya mbio anzeni na mapigo kama 70 kwa dakika, yakifika 20 shukeni hadi 60 na mkae hapo mpaka mita 200 za mwisho.

Halafu mtazameni mshika usukani wenu. Mtumbwi ukienda kama nyoka, nyuzi 10 kushoto na nyuzi 10 kulia, kwenye mita 1,000 mmejiongezea mita 15. Huo ni urefu wa mtumbwi mzima na zaidi, na vijana wa mwaloni hawakuwashinda kwa zaidi ya hapo.

SWALI: Mtumbwi wa chuo unaingiza maji kidogo. Tuuache? (Malimbe)

JIBU: Kidogo ni kiasi gani? Lita 40 chini ya miguu yenu ni kilo 40, mnabeba abiria asiyepiga kafi, tena anayekimbilia kila upande mnaoinamia. Kama mtumbwi ulikaa juani, mbao zimesinyaa. Uzamisheni kwenye maji ya kina kifupi siku mbili, uvimbe. Ukiendelea kuvuja, kwangueni mwanya, shindilieni kalafati ya pamba kwa patasi butu, kisha lami ya moto juu yake. Kuchapa lami peke yake bila pamba ni kupoteza lami. Na ubao uliooza haukalafatiwi, unabadilishwa.

SWALI: Tuombe wafadhili watupe boti zile nyembamba za watu wanane. Na kwa nini wanapiga wakigeuzia mgongo waendako? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

JIBU: Kasia lao limeshikwa na kishikizo cha chuma pembeni mwa boti, kiti kina magurudumu juu ya reli, viatu vimefungwa kwenye ubao. Hivyo wanasukuma kwa miguu na kumalizia kwa mgongo, jambo ambalo huwezi kulifanya ukitazama mbele. Anayeona njia ni mshika usukani mmoja tu.

Kuomba, msiombe. Boti hiyo ina urefu wa kama mita 18, upana wa sentimita 60 hivi, na kimataifa haipaswi kupungua kilo 96. Ubavu wake uko karibu sana na maji, na vijiwimbi vya saa tano vya ghuba ya Mwanza vitaijaza. Itaishia stoo, ikitobolewa na panya. Kama mfadhili yupo kweli, ombeni boti za mwambaoni, pana na zenye nyuma wazi ili maji yatoke yenyewe. Aina hiyo ya mbio za ufukweni inaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

SWALI: Wasichana wapige nusu ya umbali? (Kamati nyingine)

JIBU: Kwa nini? Mwaka 1927 wasichana wa Oxford na Cambridge hawakuruhusiwa hata kuwa majini kwa pamoja, walipewa alama za mtindo na muda. Tangu 2015 wanapita njia ile ile ya wavulana, siku ile ile.

SWALI: Baada ya mazoezi ngozi inaniwasha miguuni. Ni sabuni? (Luchelele)

JIBU: Inaweza kuwa kichocho kinaingia. Konokono wake wanakaa kwenye maji mafupi yenye matete na magugu maji, pale pale mnaposimama mkisukuma mtumbwi, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Shushieni mtumbwi kwenye gati au penye mawe na mawimbi, asubuhi, na mjifute kwa taulo mara mtokapo. Nenda kapime choo. Dawa ni praziquantel, hupimwa kwa uzito wako. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, kwa hiyo rudi kupima baada ya wiki sita hadi nane. Timu nzima iende, asiende mmoja.

SWALI: Kuna mtu wa ziwa hili aliyewahi kufika Olimpiki kwa makasia? (Kirumba)

JIBU: Yupo. Kathleen Noble wa Uganda, Tokyo na kisha Paris. Kupiga makasia alijifunzia chuo kikuu, Princeton.