Freski za Tiepolo zilihamaje ukutani?

Swali: Habari mtaalam, nilipita Venice nikaingia makumbusho ya Ca' Rezzonico, nikaona vile vyumba vya mchoraji Giandomenico Tiepolo vya masatiri, wale nusu mtu nusu mbuzi, na wale nusu mtu nusu farasi wakila raha zao. Nikaambiwa vilitoka ukutani kwenye nyumba nyingine huko shamba. Sasa freski si ndo lipu yenyewe, inahamaje? Na mbona nyingine ni rangi moja tu, zilichujuka wakati wa kuhamishwa?

Jibu: Nzuri ndugu. Tuanze na rangi maana hapo wengi wanailaumu safari bure, ile rangi moja haijachujuka, ndo ilivyochorwa. Tiepolo alitaka ukuta uonekane kama una nakshi za kuchonga za zamani, kwahiyo ni rangi za udongo na nyeupe ya chokaa basi, halafu satiri mwenye miguu ya mbuzi akichorwa hivyo anapata heshima ya sanamu huku anafanya upuuzi wake, na mi naona utani wote uko hapo. Ile nyumba ilikuwa ya familia yake, Zianigo karibu na Mirano, alijichorea mwenyewe kuanzia 1759 mpaka 1797, hakuna mteja wa kumpangia.

Kuhama sasa. Freski inapakwa lipu ikiwa bado mbichi, rangi na maji tu bila gundi, chokaa ikivuta hewa ya ukaa inarudi kuwa jiwe na rangi inabaki imefungiwa kwenye gamba jembamba sana la juu. Hilo gamba ndo linabanduliwa. Unapaka gundi ya ngozi za wanyama ikiwa ya moto, unabandika kitambaa, unaacha ikauke kabisa, na ikikauka inajikaza kwa nguvu mpaka inang'oa rangi kutoka kwenye lipu, wewe unasaidia taratibu kuanzia pembeni. Ukigeuza unaona picha kwa nyuma, kushoto imekuwa kulia, unaisugua iwe sawa, unaibandika kwenye turubai kwa kasini, yaani protini ya maziwa, na chokaa, ndo unarudi mbele kuosha ile gundi ya kwanza kwa maji ya moto. Waitaliano wanaiita strappo. Kuna na stacco, hiyo unang'oa pamoja na lipu, mzigo mzito ila uso wa picha unabaki na mabonde yake.

Hasara ipo. Chochote mchoraji alichoongezea lipu ikiwa imeshakauka kinaweza kuondoka na yale maji, na mara nyingi ni bluu, maana azuraiti, bluu ya madini, ilipakwa juu kwa gundi na bluu ya Prussia chokaa inaiua. Ndo maana michoro ya rangi za udongo kama ya masatiri ina nafuu kuliko anga.

Hizo za Zianigo zilibanduliwa 1906 ziuzwe Ufaransa, serikali ya Italia ikazuia, zikabaki Venice na Ca' Rezzonico ikafunguliwa 1936.

Ukirudi tena simama ubavuni kwa picha, uangalie mwanga wa dirisha unavyoteleza juu yake, ukiona nyuzi za kitambaa zinajichora ujue iko kwenye turubai, na ukiona mishono ya lipu imezunguka kiungo cha mtu hapo ndo kazi ya siku moja ilipoishia. Usiguse tu, walinzi watakutoa.