Jibu: Wakataji wapya wa waridi hawaulizi kitu, nifanyeje?

Dada, umeuliza kwa nini wakataji wako wapya wa waridi hawaulizi kitu hata wanapokwama. Nami nilianza hivyo hivyo huku Naivasha. Wiki ya kwanza supavaiza alinifokea mbele ya wote kwa kukata shina vibaya, na tangu hapo nikawa nakata kwa kubahatisha, nimefunga mdomo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa mstari wa pili. Alichukua mkasi wangu, akanionyesha jani lenye vijani vitano, akasema, "Kata juu kidogo ya hapa, jicho, yaani kichipukizi, likitazama nje." Kisha akaniachia mashina kumi nikate mwenyewe, yeye akitazama tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ua lijalo huchipuka kwenye jicho hilo.

Basi mpe kila mgeni mwenyeji wake, na huyo mwenyeji apunguziwe kiwango cha mashina anayotakiwa kukata kwa siku, la sivyo atamwona mgeni ni mzigo. Mameneja wengi husahau hili, na linaniuma. Makosa yarekebishwe kando. Mafunzo ya dawa za kunyunyizia maua nayo yatolewe kwa Kiswahili, kabla mtu hajaingia grinihausi. Leo mimi ndiye ninayefundisha wageni kukata, na kwenye kikao cha wafanyakazi nanyoosha mkono bila kutetemeka.