Muulize Mwalimu: Nimeitwa usaili wa kemia

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Niko S6, kidato cha sita, hapa Kasese, Uganda, nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Niliomba kusoma kemia Oxford, Uingereza, na wameniita kwenye usaili wa mtandaoni Desemba. Makerere najua wanatazama alama za UNEB, mtihani wa taifa. Hawa wataniuliza nini? Mjomba anasema nikariri kitabu chote.

JIBU: Hongera, mwanangu. Mjomba ana nia njema, ila kitabu chote hakitakufaa. Wanaokusaili ndio hao hao wanaofundisha, na kule wanafunzi hukaa wawili watatu na mwalimu wao, wakajadili swali hadi lieleweke. Basi wanataka kuona kama unafundishika. Watakupa swali ulijualo, kisha walipinde mpaka ukwame. Ukikwama ndipo usaili unapoanza.

Chukua titresheni, ile ya kudondoshea asidi besi kidogo kidogo, ambayo umeifanya mpaka mikono inanuka maabara. Sentimita za ujazo 25 za asidi ya siki, 0.1 M, unaongeza haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Wanasema: chora grafu ya pH, kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati. Usikimbilie kuchora. Sema kwa sauti: asidi hii ni dhaifu, kwa hiyo haianzii 1, inaanzia karibu na 3. Nusu ya safari, kwenye 12.5, asidi iliyobaki ni sawa na chumvi iliyopatikana, pH iko karibu na 4.8 na inapanda polepole. Kwenye 25 inaruka. Hapo watakuuliza: asidi yote imekwisha, mbona pH imepita 7? Wengi hunyamaza, maana darasani tumezoea kwamba asiye na jibu hanyooshi mkono. Wewe anza na kilichomo ndani ya chupa: ioni za sodiamu, za ethanoeti (asidi ya siki iliyokwisha kutoa protoni yake), na maji. Ethanoeti huyapokonya maji protoni, zikabaki ioni za haidroksidi. Ukifika hapo, utaeleza mwenyewe kwa nini kiashiria tunachotumia ni fenolftalini, inayobadili rangi juu ya 7, na si methili oranji, inayobadili chini yake, jambo ambalo wengi wetu tuliambiwa tu tuandike.

Wakikupa dokezo, lishike; kusaidiwa si kufeli. Ukigundua umekosea, sema "hapana, ngoja nirudi nyuma", urudi.

Hotuba ya "napenda kemia tangu utotoni" iache. Ukiulizwa kinachokuvutia, Katwe hiyo hapo jirani: ziwa lisilo na mto wa kutoka, jua linakausha maji, chumvi inaganda. Kwa nini si chumvi ya mezani tupu, ina sulfeti na kaboneti pia? Ungezitenganishaje? Lifikirie hilo wiki nzima.

Mtafute mwenzako akuulize maswali akikukatiza katikati, kwa Kiingereza. Chaji betri mapema, nunua bando la ziada, umeme wetu unaujua. Na saa uziangalie: Desemba, saa nne asubuhi ya Uingereza ni saa saba mchana kwetu.