Mkutubi wa Mwanza anauliza: nilipie databesi gani ya tiba?

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mkutubi kwenye taasisi ndogo ya utafiti hapa Mwanza, watafiti wetu wengi wako kwenye kichocho na malaria, wachache dawa. Bosi kanipa hela ya databesi moja ya makala za tiba, na kuna wakala kaja anasema yake ina kila kitu, anataka mkataba wa miaka 3 na tusaini kabla ya Juni kuisha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usisaini.

Muulize huyo wakala swali moja tu, ndani kuna nini? Maana makampuni mengi yanauza MEDLINE, ile orodha kubwa ya makala za tiba, na MEDLINE inatengenezwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani kule Bethesda, na toka 1997 mtu yeyote anaisachi bure kwenye tovuti ya PubMed, rekodi, yaani jina la makala, waandishi na mara nyingi muhtasari, ziko zaidi ya milioni 35. Kwahiyo wakala akikuuzia MEDLINE anakuuzia mtambo wake wa kutafutia, ambao unaweza ukawa mzuri kweli, ila zile rekodi unazo tayari.

Kingine, databesi ya kutafutia sio makala zenyewe. Hili liliniuma sana enzi zangu za ukutubi, tulilipia hela nyingi, wiki ya pili watafiti wakaanza kuja mezani kwangu, mama tunaona muhtasari tu, makala iko wapi? Hakuna aliyekuwa ametuambia, na sisi hatukuuliza. Mwaka mzima ukapita hivyo na hela haikurudi.

Makala zenyewe kwa hapa kwetu anzia Hinari. Ni mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa, ulianza 2002, siku hizi uko chini ya mwavuli wa mipango kama hiyo unaoitwa Research4Life, na Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopata bure. Anayejisajili ni taasisi, sio mtu mmoja mmoja, kwahiyo ulizia kwanza kama ofisi yenu ilishasajiliwa miaka ya nyuma na paswedi amelala nayo mtu aliyehama, nimeliona hilo sehemu nyingi. Cochrane Library, yenye mapitio ya tafiti za tiba, nayo utaifikia humo.

Alafu usisahau za nyumbani. African Index Medicus, databesi ya makala za afya za Afrika, ina majarida ya Afrika ambayo mengine huko MEDLINE hayaingii kabisa, na AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida ya Afrika iliyoko Afrika Kusini, ina Tanzania Journal of Health Research na mengine mengi. Mtu wa kichocho wa kanda ya ziwa akikosa hizo anakosa kazi za majirani zake mwenyewe.

Sasa kulipia lini? Kama watafiti wako wanafanya mapitio ya kimfumo, yale ya kukusanya kila utafiti uliofanyika juu ya swali moja, hapo Embase, databesi ya kulipia, ina maana kwasababu imebeba sana mambo ya dawa, majarida ya Ulaya na mihtasari ya makongamano ambayo PubMed haina. Ni ghali lakini. CINAHL, databesi nyingine ya kulipia, ni ya uuguzi, kwa hao uliowataja naona iache kwanza.

Ila usichague kwa maneno yangu wala ya wakala, pima. Omba wakala akufungulie mwezi mmoja wa majaribio bure, wengi wanakubali. Chukua ripoti ya mwisho ya watafiti wako, toa makala 20 walizozitaja pale mwisho, zitafute moja moja kwenye PubMed, African Index Medicus na hiyo ya wakala, uandike ipi imepatikana wapi. Fanya saa nane mchana ofisi nzima ikiwa mtandaoni, sio asubuhi intaneti ikiwa nyepesi. Jaribu pia majina ya ugonjwa, kichocho kwa mfano kina majina mawili ya kitaalamu, PubMed ukiandika bilharziasis yenyewe inajua unamaanisha schistosomiasis na inakuletea zote mbili, kwasababu kuna watu walikaa wakapanga orodha ya maneno ya tiba inayoitwa MeSH, inayounganisha majina ya kitu kimoja. Angalia hiyo ya wakala nayo inafanya hivyo au mtafiti itabidi abahatishe kila jina. Na mtu akiwa fildi Ukerewe ataifungua, au ni lazima awe kwenye mtandao wa ofisi?

Karatasi hiyo ya makala 20 ndio umpelekee bosi. Kama ya wakala imeongeza makala 1 au 2 tu juu ya zile za bure, mwombe hela iende kwenye intaneti na mafunzo ya siku 2 ya kutafuta kwa MeSH. Ikiongeza 6 au 7, lipia, lakini mwaka mmoja, na bei ya mwaka wa pili iandikwe humohumo kwenye mkataba kabla hujaweka saini.