Msomee Binti Hadithi, Kisha Umsikilize

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, hapa Kibokoni. Aliyenikalisha kitako alikuwa somo yangu, yaani kungwi wangu. Alinifunza usafi na adabu, akanisomea utenzi wa Mwana Kupona, ule ambao mama huyo wa kisiwa cha Pate alimtungia bintiye mwaka 1858. Ni maneno matamu, nayapenda mpaka leo. Lakini binti mle hasemi neno, na mimi pia sikusema.

Mwaka uliofuata nikaazimwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Niliisoma usiku, nimejifunika shuka. Rosa anapigwa na babake kwa ajili ya barua ya mvulana, na mwishowe anajiua. Nilichoelewa ni kwamba msichana akipendwa hufa. Sikuwa na wa kumuuliza, nikaishi na hofu ile hadi nilipoolewa.

Mwaka jana niliisoma tena na binti wa kakangu, ana miaka 16, jioni barazani, kurasa chache chache. Tulipofika kwenye kile kipigo akafunga kitabu. "Shangazi, mbona hakumuuliza kwanza?"

Miaka yote ile sikuwahi kufikiria swali hilo.

Basi nawaomba, mama zangu na mashangazi wenzangu, msiwaulize mabinti kitabu kinafunza nini. Hilo ni swali la mtihani, nao watawapa jibu la mtihani. Muulize ni wapi alipokasirika, ni wapi alipoona haya. Kisha nyamaza, hata kama jibu linakuchoma. Mimi hapo ndipo huniwia vigumu mno.

Tena mchanganyie vitabu. Akishasoma cha Rosa, mpe na kile ambacho msichana anakua bila kuangamia. Judy Blume wa Marekani alitoa kimoja mwaka 1970: Margaret, wa miaka 11, anazungumza na Mungu faraghani na kungoja hedhi yake kwa wasiwasi, akiogopa wenzake watamtangulia. Huyu tulimsoma pamoja pia, nikimfasiria pale Kiingereza kilipomshinda.

Binti wa kakangu alicheka sana. Halafu akanisimulia siku sketi yake ilipochafuka darasani, akakaa kwenye dawati mpaka wote wakatoka, akarudi nyumbani kajifunga sweta kiunoni. Miaka 3 hakuwa amemwambia mtu.

Aliniomba nisimwambie mamake. Sijamwambia.