Treni ya bustani kwa betri: anza na nyaya za magurudumu

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi ili LGB yako (treni ya mfano ya bustanini) itumie betri na rimoti badala ya umeme wa reli, maana reli za bustanini zimechakaa na treni inasimamasimama. Umeamua vizuri. Mimi nilichoka kusugua reli kila baada ya mvua.

Kabla ya yote, fungua kichwa cha treni, ukate nyaya zote zinazoleta umeme kutoka kwenye magurudumu na vile vibati vinavyoburuzika juu ya reli. Ukiacha hata mmoja, siku ukipita kwenye reli yenye umeme, kidhibiti cha mota kinaweza kuungua. Changu kiliungua hivyohivyo: harufu ya plastiki, kisha kimya. Hakikisha kwa mita ya umeme, ukiiweka kwenye kipimo kinacholia njia ya umeme ikiwa imeungana: ncha moja kwenye gurudumu, nyingine kwenye mota. Isilie kabisa.

Betri, seli 4 za lithiamu zilizoungwa mfululizo, volti 14.8, zinatosha mwendo wa bustani. Ziwe na saketi ya ulinzi (inayozizuia zisichajiwe wala kuisha kupita kiasi), na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kichwa kikiwa kidogo, zipakie kwenye behewa la nyuma, uunganishe kwa plagi isiyoingia kinyume. Antena ikae mbali na mota.

Na tafadhali, usichaji ukiwa umelala.